Hesabu Iliyomo Ndani ya Ambulensi

Mhadhara kwa watahiniwa wa kidato cha nne, wazazi na walimu wao, Mombasa

Kabla sijafika mbali, naomba kila mmoja atoe kalamu na karatasi. Simu zikae mfukoni.

Mtoto ana uzito wa kilo 20. Moyo wake umesimama. Dawa mliyo nayo ni adrenalini, na kiasi anachostahili ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake. Kichupa kimeandikwa kwamba kina miligramu 1 katika mililita 10. Mtavuta mililita ngapi kwenye bomba la sindano?

Jibu ni mililita 2. Naona mzee mmoja pale mbele ametabasamu, kumbe alikuwa mwalimu wa Hisabati. Lakini naona pia karatasi zenye 20, na nyingine zenye 0.2. Aliyeandika 20 amempa mtoto dawa mara kumi zaidi ya inavyotakiwa. Aliyeandika 0.2 amempa sehemu moja tu ya kumi, kisha atakaa akishangaa mbona haifanyi kazi. Na hesabu yenyewe haina chochote kilichozidi shule ya msingi: kuzidisha, kugawanya, na kukumbuka kwamba mikrogramu 1,000 ni miligramu moja.

Nimeombwa nizungumzie jinsi kijana anavyoweza kujiandaa kimasomo kabla ya kuingia chuo cha wahudumu wa dharura, hawa tunaowaita paramediki. Wengi wakisikia neno maandalizi hufikiria video za kufunga bandeji, au fulana yenye msalaba mgongoni. Nia ni njema. Lakini mimi naona maandalizi yamo katika vitabu mlivyo navyo sasa hivi, vile mnavyopanga kuvitupa siku ya karatasi ya mwisho ya mtihani. Kinachomwangusha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mara nyingi ni jambo la kidato cha pili ambalo alilikariri, akalipasi, akalisahau.

Niwapeleke mbali kidogo, katika mji wa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1967. Zama hizo, katika miji mingi ya nchi ile, ukianguka barabarani aliyekuja kukuchukua alikuwa polisi na gari lake, au mwenye biashara ya mazishi na gari lake la maiti, kwa kuwa ndilo ambalo mtu angeweza kulazwa ndani. Mwenye gari hilo la pili, nadhani mnaelewa, hakuwa na sababu kubwa ya kukimbia. Huko Pittsburgh kazi hii ilikuwa ya polisi. Walikubeba nyuma ya gari, wakaketi mbele, wakaendesha. Hakuna aliyekuangalia kama unapumua.

Katika mtaa wa Hill District, walikoishi Wamarekani weusi, hata hao polisi hawakuwa watu wa kutegemewa. Palikuwa na shirika liitwalo Freedom House, lililokuwa likiinua biashara na ajira za watu weusi mjini. Likaungana na Dakta Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, bingwa wa nusukaputi na mmoja wa walioasisi njia ya kumpulizia mtu pumzi na kumkandamiza kifua moyo unaposimama. Mwaka 1966 Safar alifiwa na binti yake mdogo kwa ugonjwa wa pumu. Alikuwa na hoja moja ambayo hakuchoka kuirudia: tiba ianze pale mgonjwa alipoangukia, isisubiri mlango wa hospitali.

Watu waliosajiliwa kuhudumu katika ambulensi za Freedom House ni wale ambao mji ulikuwa umeshawahesabu kuwa hawaajiriki. Wengi hawakuwa wamemaliza sekondari. Wengine walikuwa wametoka vitani Vietnam, wengine walikuwa na kumbukumbu za polisi. Na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo kisa hiki huharibiwa na wasimulizi. Husimuliwa kana kwamba watu wale waliokoa maisha kwa sababu ya moyo wa huruma, na kwamba kwa hivyo vyeti na masomo ni mbwembwe tu. Haikuwa hivyo hata kidogo. Safar hakuwapunguzia masomo kwa kuwa walikuwa maskini. Aliwaongezea. Mafunzo yao yalikuwa ya saa 300 hivi, zama ambazo mtu wa ambulensi kwingineko akijua huduma ya kwanza alihesabiwa kuwa amesoma. Walifundishwa maumbile ya mwili na jinsi viungo vinavyofanya kazi, wakapelekwa wodini na vyumba vya upasuaji wakajifunze kwa kushika. Ambao hawakuwa na cheti cha sekondari walisaidiwa kukipata.

Mwaka 1974 akaja daktari kijana, Nancy Caroline, akawa msimamizi wao wa tiba. Alipanda nao gari, akawasahihisha, akawafundisha yale ambayo wakati huo yalidhaniwa kuwa ni ya madaktari peke yao. John Moon, mmoja wa wahudumu hao, ambaye kabla ya kazi hiyo alikuwa mfanyakazi wa kuhudumia wagonjwa wodini, alifunzwa kuingiza mrija kwenye koo la mgonjwa ili hewa ipite, akaifanya kazi hiyo nje ya hospitali. Mwaka 1975 serikali ya mji ikaanzisha huduma yake na Freedom House ikafungwa. Wengi wa wale wakongwe wakasukumwa pembeni na wageni wenye ngozi nyeupe na uzoefu mdogo kuliko wao. Moon alivumilia, na mwishowe akafika cheo cha naibu mkuu wa huduma hiyo ya mji. Caroline naye alichokusanya mitaani akakiweka katika kitabu, Emergency Care in the Streets, kikawa kitabu cha kufundishia wahudumu wa dharura kwa vizazi. Na ili msidhani haya ni ya ng'ambo tu: miaka ya 1980 mama huyu alihamia Nairobi, akafanya kazi na AMREF, shirika la madaktari wa ndege.

Mzazi anayeniambia, “Mwanangu hana kichwa cha vitabu, ndiyo maana namleta kwenye ambulensi,” mimi humpa kisa hiki. Kazi hii tangu mwanzo wake imewapokea watu ambao shule iliwashindwa. Haijawahi kuwapokea ikawaacha bila kusoma.

Basi tusome nini? Nianze na Hisabati, na nitakaa hapo kidogo.

Ile hesabu ya adrenalini ni ya kwanza tu. Hii hapa nyingine. Mna mgonjwa kutoka Msambweni, mnamleta Hospitali ya Rufaa ya Pwani hapa kisiwani. Anahitaji oksijeni lita 10 kwa dakika. Mtungi uliomo garini una lita 340. Gawanyeni: dakika 34. Msambweni ni zaidi ya kilomita 40 kusini mwa Mombasa, na mbele yenu kuna kivuko cha Likoni na foleni yake. Mtungi mmoja hautafika. Swali la kama oksijeni itatosha lazima liulizwe Msambweni, gari likiwa bado limesimama, na anayeliuliza ni yule ambaye kugawanya kwake hakungoji kikokotoo.

Au dripu. Mnaambiwa mililita 1,000 ziingie kwa saa nane, na mrija wenu hutoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone 20,000 kwa dakika 480, yaani karibu matone 42 kwa dakika. Simama na saa yako uhesabu.

Na kuna hesabu isiyoandikwa popote, ile ya kukisia. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya mililita 800 hivi mwilini mwake wote. Akivuja damu ya kujaza chupa ya soda ya mililita 300, ameshapoteza zaidi ya theluthi. Mtu mzima wa kilo 70 ana karibu lita tano, kwa hiyo chupa hiyohiyo kwake si jambo la kutisha sana. Kwa macho ni doa lilelile sakafuni. Anayejua asilimia ndiye ataanza kukimbia.

Ninapendekeza nini? Kila siku, dakika 20, bila kikokotoo: kubadilisha gramu kuwa miligramu na miligramu kuwa mikrogramu, sehemu, desimali, asilimia, uwiano. Baada ya wiki chache fanyeni hivyo redio ikiwa imefunguliwa na mdogo wako anakusemesha. Hamtapata ukimya ndani ya ambulensi.

Bayolojia nayo husomwa vibaya nchini kwetu, na nasema hivyo mbele ya walimu wake nikitaka wanisute kama nimekosea. Tunawafundisha watoto kuchora moyo na kuweka majina. Mchoro mzuri, alama zimepatikana. Lakini ukimuuliza mtoto yuleyule, “Mshipa huu ukiziba hapa, ni kitu gani kitakachofuata?” anakutazama. Chuoni swali ni hilo la pili tu, kutwa kucha.

Chukueni mfano huu. Ni mwezi Julai, kule Limuru baridi imekaza. Familia imeingiza jiko la makaa chumbani, ikafunga madirisha, ikalala. Asubuhi jirani anawakuta hawaamki. Mhudumu anafika, anambana mama kwenye kidole kile kifaa cha kupima oksijeni, nacho kinasoma 98. Mwanafunzi aliyekariri kwamba damu hubeba oksijeni na kwamba 98 ni namba nzuri atatulia. Yule aliyeelewa atakumbuka kwamba hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na kwamba kifaa kile hutazama mwanga unaopita kidoleni, hakiwezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyotekwa na sumu. Ataitupilia mbali ile 98, atawatoa nje, na atawapa oksijeni nyingi kadiri inavyowezekana. Yote hayo yametoka katika sura ya damu, kitabu cha sekondari, na kidogo cha Kemia juu yake.

Kemia hiyohiyo ndiyo itakayowaeleza kwa nini mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa anahema kwa kina na kwa kasi ingawa mapafu yake ni mazima. Damu hutakiwa kukaa kati ya pH 7.35 na 7.45. Asidi ikizidi, mwili hujaribu kuipunguza kwa kutoa kaboni dioksidi nje kwa pumzi. Anayedhani ni pumu atatibu kifua. Naomba mtu asiniambie tena kwamba sura ya asidi na besi haina kazi maishani.

Fizikia ndiyo inayoniumiza. Katika mfumo wa 8-4-4 shule nyingi humruhusu mwanafunzi kuiacha akifika kidato cha tatu, na wengi huiacha kwa furaha. Wadogo zenu walioanza shule ya upili Januari 2026 kwa mtaala mpya wamechagua njia mapema kuliko ninyi: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; au sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, asimwachie rafiki yake wa karibu ndiye amchagulie. Kwa anayetazama huku kwetu, Fizikia inafungua milango mingi. Pumzi ni Fizikia: kiwambo kikishuka, nafasi ya kifua inapanuka, shinikizo la ndani linapungua, hewa inaingia, na ndiyo maana tundu la kisu kifuani huvuruga mambo yote. Ajali ya matatu ni Fizikia pia. Gari lililokuwa linakwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati mara nne ya lile la kilomita 50, si mara mbili, kwa hiyo abiria aliyetoka akitembea asiachwe aende zake kwa kuwa hana jeraha linaloonekana. Umeme wa moyo sitaugusa leo, tutakesha.

Na kama tayari umeiacha Fizikia? Hujafa. Azima kitabu cha kidato cha kwanza na cha pili, soma shinikizo, nguvu, umeme na joto. Cheti hakitabadilika, lakini mwaka wa kwanza chuoni hutakuwa mgeni.

Sasa lugha. Najua mnangoja nipite haraka, kwa kuwa lugha mnaiona kama somo la kujazia tu. Nisikilizeni nikisoma ripoti mbili nilizotunga mwenyewe. Ya kwanza: “Tulimkuta mgonjwa akiwa katika hali mbaya, tukampa huduma, akapata nafuu kidogo.” Ya pili: “Saa 14:40 anapumua mara 32 kwa dakika, mapigo 124, presha 90 kwa 60, anafungua macho akiitwa. Saa 14:45 oksijeni lita 10 kwa dakika. Saa 14:55 anapumua mara 24, mapigo 110.” Daktari anayempokea mgonjwa akipewa ile ya kwanza, ataanza upya. Akipewa ya pili, ameokoa dakika kumi, na anajua ni lini mambo yalianza kubadilika. Ripoti ya pili haina msamiati mgumu. Ina macho na ina mpangilio, na mpangilio huo ndio mnaofundishwa katika insha mnazozichukia.

Mmeona nimeandika 14:40. Hospitali huandika saa kwa namna hiyo. Bibi wa Kilifi atakwambia mjukuu wake alimeza dawa saa mbili, naye anakusudia saa mbili asubuhi, jua limeshapanda. Ukiandika 02:00 umekosea kwa saa sita, na dozi inayofuata itapotea njia. Jizoezeni kubadilisha saa za kwetu kwenda saa za hospitali mpaka ulimi usijikwae. Na Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya fomu nyingi za hospitali zetu, kisomeni kwa kuandika aya fupi kila siku kuhusu jambo mliloliona kwa macho yenu: pikipiki imegonga mkokoteni, nani alikuwa wapi, kilifuata nini. Msiweke kisichoonekana. Msiandike “alikuwa mlevi”. Andikeni mlichonusa na mlichosikia, maana mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa sukari naye huyumba na kupayuka.

Kozi ya huduma ya kwanza ni nzuri, chukueni mkipata nafasi. Mazoezi ya mwili pia, machela haijibebi. Hayo yanatosha.

Kuna mzazi alinitumia swali mapema: je, mtoto aliyepata gredi ya chini basi ndiyo imekwisha? Hapana. Baraza la Mitihani linamruhusu mtu kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Kurudia mwaka mmoja kwa ajili ya Bayolojia na Hisabati si aibu, ingawa mtaani tunaifanya iwe aibu. Kinachonitia wasiwasi ni yule aliyepita kwa gredi nzuri akafunga vitabu mwezi Novemba na kuvifungua tena Septemba. Miezi hiyo ndiyo yenye thamani kuliko yote, kwa sababu hakuna mtihani unaokukimbiza na unaweza kusoma ili uelewe.

Na ngazi inapanda juu, mjue hilo. Uingereza, tangu Septemba 2021, kiwango cha kuingia katika usajili wa paramediki ni shahada. Afrika Kusini ina shahada ya miaka minne ya tiba ya dharura. Kwetu Katiba ya 2010, Ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na ahadi hiyo inahitaji watu wa kuitimiza barabarani, si hospitalini pekee. Anayeanza na cheti leo ajue atarudi darasani tena na tena. Kama hupendi kusoma, kazi hii itakuchosha kabla damu haijakuchosha.

La mwisho ni lenu wazazi, kwa kuwa ninyi ndio mtakaolipa. Kwa jina hili la kozi za dharura, vyuo vimechipuka kila kona, vingine vizuri, vingine ni chumba juu ya duka la simu. Kabla ya shilingi ya kwanza, nendeni wenyewe. Ulizeni chuo kimeidhinishwa na nani, mkaombe kuiona barua. Ulizeni wahitimu wa mwaka juzi wako wapi. Ulizeni wanafunzi hufanya mazoezi katika hospitali gani, kwa saa ngapi, na nani hutia sahihi kwenye daftari lao. Ulizeni pia kama wanafundisha Hisabati ya dawa au wanadhani mtoto ataiokota njiani. Mwenye chuo cha kweli atafurahi kuulizwa, huenda akawaita walimu waje wajibu wenyewe. Na yule atakayewashika mkono na kuwapeleka uani kuwaonyesha ambulensi mpya kabla hajajibu hata swali moja, mshukuruni kwa chai yake, mrudi nyumbani na ada yenu.